Madila na wakusanyaji wa vitu vya kale kwenye mauzo ya gereji: rivyu kutoka upande wa muuzaji

Rivyu nyingi za biashara ya vitu vya kale zinaandikwa na wanunuzi, mimi naandika kutoka upande wa pili wa meza, yaani upande wa mtu anayetoa vitu vyake vya nyumbani akavipanga gereji au uani na kabla hata hajatandika kitambaa anaona gari la kwanza limeshapaki nje. Hao wa kwanza karibu siku zote ni madila wa vitu vya kale, yaani wafanyabiashara wanaonunua ili wauze, na wakusanyaji, wanaonunua ili wabaki navyo. Nimewauzia kwa muda mrefu, vitu vyangu na vya ndugu wanaohama au wanaogawana mali za mzee aliyetangulia mbele za haki, na nimefika mahali nawaona kama huduma kamili: wanakufuata mpaka mlangoni, wanalipa keshi, wanabeba wenyewe na mara nyingi hawarudi kulalamika. Sasa huduma si inapimwa, basi na hii tuipime.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usisome mpaka chini ukiutafuta. Dila anakulipa kwa sababu una haraka, mkusanyaji anakulipa kwa sababu una kitu. Wote wawili wana maana yao, ila ukimuuzia dila kitu ambacho ungempa mkusanyaji umeshatoa zawadi, na ukikaa kumsubiri mkusanyaji aje kununua sufuria za kawaida utalala nazo. Kazi yote ya muuzaji ni kujua nani ni nani, na kipi ni kipi, kabla geti halijafunguliwa.

Tuanze na wa alfajiri. Tangazo limesema saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mtu yupo getini na tochi mkononi, "samahani sana mama, nina safari ya mbali, niangalie tu dakika mbili." Huyu ni dila mzoefu na safari haipo, au ipo ya kwenda kwenye mauzo mengine kufanya hivyohivyo. Anachokitaka ni kukukuta hujabandika bei, hujaamka vizuri, na hakuna mnunuzi mwingine wa kushindana naye, maana bei nzuri inatokana na watu wawili kutaka kitu kimoja kwa wakati mmoja, sasa yeye anakuja kabla ya huyo wa pili. Mimi namjibu kwa heshima kabisa, "karibu saa mbili kaka, kila mtu ataingia pamoja," na nafunga. Asilimia kubwa wanasubiri kwenye gari. Akiondoka kwa hasira ujue hakuwa amekuja kulipa bei ya haki. Nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ni kwa sababu uwepo wake unakuambia kwamba picha ulizoweka kwenye tangazo zina kitu kimemvutia, kwa hiyo rudi ukaziangalie tena hizo picha, angalia na kilichopo nyuma ya kile ulichokuwa unakitangaza, kwenye rafu, kwenye kona, kwa sababu wao picha wanazikuza mpaka wanasoma maandishi ya kitako cha kikombe.

Sasa ndani ya mauzo yenyewe. Mbinu inayotumika kuliko zote, na ambayo watu wanaingia nayo kila siku, ni ya kuchanganya. Mtu anachukua kikapu anatia sahani mbili zenye mikwaruzo, fremu ya picha haina kioo, kopo la vifungo, kisu cha jikoni, na katikati ya hayo kijiko kimoja kimekuwa cheusi kwa kukaa, halafu anakuja na uso wa mtu anayekusaidia kupunguza uchafu, "dada, hivi vyote nikupe ngapi nikuondolee?" Ukitaja bei ya jumla umeshaisha. Jibu ni moja, kila kimoja na bei yake, na unavitoa kimoja kimoja mbele yake kwa upole. Angalia macho yake unapokitoa kijiko. Kama ukikiweka pembeni kile kijiko naye ghafla zile sahani hazitaki tena, basi umeshapata tathmini ya bure na hukulipia chochote. Kinyume chake pia kipo, anauliza maswali kumi kuhusu kabati, anapima kwa futi, anapiga simu, na kitu anachokitaka ni taa ndogo iliyokaa juu ya kabati, ataitaja mwishoni kabisa kama vile imemjia akilini tu, "na hako kataa unaniongezea?" Usiongeze kitu ambacho hujakigeuza ukaangalia chini yake.

Halafu kuna kuponda. "Hii ina ufa." "Hii ni kopi." "Hizi siku hizi hazina soko." Hapa lazima niwe mkweli kwa madila maana watu wanawasema vibaya hata pale wanaposema kweli. Kwenye fanicha kubwa nzitonzito za mbao nyeusi, makabati ya vyombo, meza za kulia za watu kumi na mbili, dila akikuambia soko limeshuka hakudanganyi, zimeshuka bei sana tangu miaka ya 2000 kwa sababu nyumba zimekuwa ndogo na vijana hawazitaki. Seti kamili za sahani za harusi hali ni hiyohiyo. Ensaiklopedia, usijisumbue. Sahani za ukumbusho za kutundika ukutani zilizouzwa kwa cheti zikiitwa "toleo maalumu," na wale wanasesere wa kitambaa wa Beanie Babies ambao miaka ya 1990 watu walidhani watawasomeshea watoto, karibu vyote havina kitu. Na cherehani nyeusi ya Singer yenye maandishi ya dhahabu, ndugu yangu, najua ni ya bibi na najua inashona mpaka leo, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, ukongwe peke yake hauifanyi kuwa adimu, namba iliyogongwa kwenye mwili wake itakuambia mwaka iliotengenezwa na ukishajua utaona ziko nyingi mno. Kwenye hayo dila anastahili nyota zake. Tatizo ni kwamba sauti anayotumia kukwambia ukweli wa kabati ni ileile anayotumia kukudanganya kuhusu bakuli, kwa hiyo usimsikilize sauti, nenda kaangalie kitu.

Wawili wawili, hawa siwapendi kabisa. Wanaingia kama hawajuani, mmoja anataja bei ya chini sana kwenye kitu, mwingine baada ya dakika kumi anakuja anataja bei ya juu kidogo tu ya ile, na wewe unaona umepata afadhali, unauza kwa furaha, wanagawana kwenye kona ya barabara. Tabia ya wanunuzi kupanga wasishindane ni ya zamani kwenye biashara hii, mpaka Uingereza wakaitungia sheria ya minada mwaka 1927 inayokataza madila kukubaliana wasipandishiane dau mnadani. Kwenye meza yako ya uani hakuna sheria ya mnada wala hakimu, ni wewe tu. Dawa yake ni bei yako mwenyewe iliyoandikwa na kubandikwa kabla hawajaja, na ukiwa na bei yako, ofa ya kwanza ya kitoto haikuteremshi. Nyota sifuri.

Watu wakisikia haya wanasema ah, mimi vitu vyangu ni vya kawaida. Sikiliza. Mwaka 2007 familia moja jimboni New York ilinunua bakuli jeupe kwenye mauzo ya aina hii kwa dola 3. Bakuli dogo tu, linashikika kwa viganja, wakaliweka sebuleni miaka kadhaa, baadaye wakalipeleka kwa wataalamu ikaonekana ni kauri ya Ding kutoka China enzi ya Song ya Kaskazini, lina miaka kama elfu moja, na Machi 2013 likauzwa kwenye mnada wa Sotheby's New York kwa zaidi ya dola milioni 2.2. Aliyelinunua siku hiyo alikuwa dila wa London, Giuseppe Eskenazi. Halafu mwaka 2020, Connecticut, mtu akaokota bakuli la maua ya bluu na nyeupe kwenye mauzo ya uani kwa dola 35, akawatumia Sotheby's picha, nao wakaona ni la enzi ya Ming, mwanzoni mwa karne ya 15, na Machi 2021 likaenda kwa dola 721,800. Hizi habari huwa zinasimuliwa kwa upande wa mnunuzi mwenye bahati. Mimi kila nikizisikia namfikiria yule aliyekaa nyuma ya meza, aliyeosha lile bakuli akaliweka nje asubuhi na kushukuru kwa dola 3. Huyo hakutapeliwa na mtu, waliomnunulia ni watu wa kawaida tu. Kilichomponza ni kutogeuza, kutouliza, kutotuma picha moja.

Na kutuma picha ni bure. Nyumba kubwa za minada kama Sotheby's, Christie's na Bonhams zinapokea picha kupitia intaneti na kukupa makadirio bila malipo kama kitu ni cha aina wanayouza. Kwa vitu vya kawaida fungua eBay, lakini usiangalie bei wanazoulizia watu, kuulizia kila mtu anaweza, chuja uone vilivyokwisha kuuzwa na viliuzwa kwa ngapi. Hiyo ndiyo bei. Halafu kumbuka dila hawezi kukulipa hiyo bei na si roho mbaya, ana kodi, ana fundi wa kumlipa, kitu kinaweza kukaa dukani mwaka mzima, kwa hiyo theluthi mpaka nusu ya bei ya dukani ni ofa ya kiungwana kabisa kutoka kwake. Chini ya hapo muulize kwa nini, na msikilize, wakati mwingine ana sababu.

Sasa nataka nikae kwenye kugeuza vitu maana hapa ndipo pesa ilipo. Wiki moja kabla ya mauzo kaa chini na taa nzuri, kioo cha kukuzia na sumaku, pitia kila kitu.

Silva: tafuta 925 au neno Sterling, yaani silva ya asilimia 92.5, tafuta 800 ambayo inapatikana sana kwenye silva ya Ujerumani na Italia. Kwenye silva ya Uingereza kuna mihuri midogo imegongwa kwa mstari, simba anayetembea maana yake ni sterling ya kweli, na pembeni yake alama ya mji ilikopimwa, kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, Sheffield ilikuwa taji na tangu 1975 ni waridi. Nanga inachekesha kidogo maana Birmingham haina bahari lakini ndiyo hivyo. Ukiona EPNS hiyo imechovywa tu, ndani ni madini mengine, usiiuze kwa bei ya silva na usikubali pia mtu akuambie kila kitu chako ni EPNS bila kukuonyesha hizo herufi. Sumaku ikishika, si silva. Isiposhika bado hujathibitisha kitu, ila umeondoa uongo wa wazi.

Dhahabu: 375, 585, 750, hizo ni karati 9, 14 na 18. Watu wanasahau kalamu za wino, kofia imepasuka mwili umekwaruzika unatupa kwenye sanduku la vitu vya buku buku, kumbe nibu imeandikwa 14K.

Sarafu: kopo la sarafu za nje alilokuwa nalo mzee usiliuze kama kopo. Za Marekani za senti 10, 25 na 50 mpaka mwaka 1964 zina silva asilimia 90. Shilingi za Uingereza na wenzake za kabla ya 1920 zina 92.5, kuanzia 1920 mpaka 1946 zina 50, kuanzia 1947 hakuna kitu. Na nakuomba, nakuomba kabisa, usizisafishe. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa na imekufa kwa mkusanyaji, hawezi kuirudishia ule uso wake. Hivyohivyo sanamu za shaba, hivyohivyo mbao yenye rangi yake ya kwanza. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu ukomee hapo. Naona watu wanapiga dawa ya kung'arisha usiku kucha ili "zipendeze mezani" na inaniuma kweli.

Kauri na vyombo: maandishi ya kitako yanasema umri. Marekani walipitisha sheria mwaka 1890, ikaanza 1891, kwamba bidhaa zinazoingia nchini kwao ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo chombo kilichoandikwa nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Nippon ni mpaka 1921, baada ya hapo ikawa Japan. Occupied Japan ni kipindi ambacho Japani ilikaliwa na majeshi ya kigeni baada ya vita kuu ya pili, kiliisha 1952. West Germany haikuwepo kabla ya 1949 na haipo baada ya 1990. Na chombo kinachosema kinaingia maikrowevu, hata kikichorwa wafalme na mabibi wa karne ya 18, ni cha juzi. Kwenye fanicha vuta droo uangalie kona, meno ya mbao yanayoshikana yakiwa hayalingani upana ujue yalikatwa kwa mkono, na ukiona skrubu za kichwa cha msalaba ambazo zimekuwepo tangu mwanzo basi si kitu cha kabla ya miaka ya 1930, maana hizo, ziitwazo Phillips, ndiyo zilianza kuingia sokoni wakati huo.

Santuri, andika namba iliyochorwa kwenye ule mkanda mtupu karibu na lebo, wakusanyaji wanauliza hiyo kabla ya jina la mwimbaji. Vitabu, ile karatasi ya nje inayofunika jalada usiitupe hata ikiwa imechanika, kwenye toleo la kwanza yenyewe inaweza kuwa na thamani kuliko kitabu chenyewe. Midoli, tunza boksi lake. Barua za zamani, usikate stempu, acha bahasha nzima. Basi.

Baada ya hapo mali bila daftari hupotea bila habari, orodhesha vile vyenye shaka, viweke pembeni, na vingine usivitoe nje kabisa siku hiyo.

Wakusanyaji sasa. Hawa nawapenda na sifichi. Mkusanyaji anaingia anapita meza nne bila kugusa, anasimama kwenye kitu kimoja, anakishika kwa mikono miwili. Hauliziulizi bei ya kikapu. Anakuuliza kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, kifuniko kipo, risiti ipo, picha ya mzee akiwa nacho ipo? Kwa sababu kwake historia ni sehemu ya kitu na analipia. Kila ukiulizwa hayo jibu kwa ukweli na kama una karatasi itoe, karatasi ya zamani ya ununuzi inaweza kupandisha bei kuliko bidii yote ya kung'arisha. Na wengi wao, wakiona umeweka bei ya chini mno, wanakuambia. Nimemsikia mzee mmoja wa kamera akimwambia binti aliyekuwa anauza, "mwanangu, hii usiniuzie kwa hiyo bei, nitakuwa nimekuibia," akataja yake, ikawa mara kadhaa ya ile. Hakuna kinachomlazimisha mtu kufanya hivyo ila heshima ya kitu na ya mtu mwenyewe, na ndiyo maana nikiweka tangazo nataja majina kamili ya vitu, modeli, alama ya kitako, ili wao wakitafuta walione. Ukiandika "vitu mbalimbali vya zamani" unawaita madila. Ukiandika modeli ya kamera na namba ya lenzi unamwita mtu wa kamera.

Kasoro wanazo. Wanakaa muda mrefu, wanaziba meza, wanatoa somo kwa kila anayepita, na ufa mdogo ambao hata hukuuona kwao ni msiba, bei inashuka nusu kwa chembe iliyobanduka ukingoni, na hapo wana haki, kwenye kauri na kioo hali ya kitu ni kila kitu. Wengine wanachagua kipande kimoja kutoka kwenye seti ya sita na kukuachia vitano visivyouzika, hapo kataa, au bei ya kipande hicho ibebe na hasara ya vingine. Nyota 4 na nusu. Chukua namba ya simu ya kila mmoja, andika anakusanya nini, hawa wanajuana, asiyetaka saa atakutumia anayetaka saa.

Kuna dila anayejifanya mkusanyaji, "ni ya kwangu tu, nampelekea mke wangu, anapenda sana hivi." Namna ya kumjua ni swali moja la kawaida tu: wewe binafsi una vingine kama hivi? Mkusanyaji wa kweli atatoa simu akuonyeshe rafu nzima na hatanyamaza kwa robo saa. Dila atabadilisha mada. Na dila muungwana, wapo na ni wengi kuliko watu wanavyodhani, ukimuuliza unanunua uuze atakuambia ndiyo nanunua niuze, na huyo ndiye wa kufanya naye biashara. Kitu kimoja tu usimfanyie hata huyo: usimwombe akuthaminie kitu halafu umuuzie yeye yeye. Kwenye kazi ya uthamini ni mwiko unaojulikana, anayetaja thamani asiwe ndiye anayenunua.

Wanunuzi wa dhahabu na silva kwa uzito wanakuja na mizani yao mfukoni. Pima nyumbani kwanza kwa mizani ya jikoni, andika gramu. Wakia ya madini ni gramu 31.1, si 28 kama ile ya unga, na wengine wanapima kwa kipimo kiitwacho penniweti ambacho ni kama gramu 1.56, sasa mtu akipima kwa penniweti akakulipa kama vile amepima gramu umepoteza zaidi ya theluthi ya mali yako ukiwa unaangalia. Ila usikasirike akikuambia kinara cha mshumaa hakihesabiwi uzito wote, ni kweli, vingi vimejazwa lami au saruji kwenye kitako ili visimame. Na birika lililotengenezwa na fundi mwenye jina usiliuze kwa uzito kabisa, atalipeleka kuyeyushwa au ataliuza jioni ileile kama birika. Nyota 2.

Pembe za ndovu. Wapo wanaokuja kuulizia kwa sauti ya chini, vikuku, vipande vya sataranji, mpini wa kisu. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilifungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na nchi nyingi zimeongeza sheria zao za ndani, Uingereza kwa mfano ina sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika 2022 inayokataza karibu kila mauzo isipokuwa kwa vibali maalumu. Mimi siweki mezani, na mtu akiniulizia namjibu sina. Anayenong'ona anajua kwa nini ananong'ona.

Mambo madogo ya usalama nitayapitia haraka. Nyumba ifungwe, swali la "mna vingine ndani?" linajibiwa "vyote viko hapa." Pesa zikae kiunoni mwako si kwenye kopo. Muuzaji awe mmoja, maana madila wakikataliwa na mama wanamwendea mtoto. Malipo ya simu subiri uyaone kwenye akaunti yako, si kwenye skrini ya kwake. Na mtu akitaja ofa nzuri ghafla, bila kubishana, kwenye kitu ambacho hukukichunguza, una haki ya kusema "hiki bado, niachie namba." Akitaka kweli atairudia kesho. Akianza kukuharakisha, akahesabu noti mbele ya macho yako, hapo ndipo hasa usiuze.

Nimebakiza saa ya mwisho, na hapa namrudishia dila heshima yake. Jua limepanda, wakusanyaji wameshachukua vyao, vyenye shaka viko ndani vimeorodheshwa, na mezani kuna vikombe visivyo na visahani, fremu, zana, taa, vitambaa, masanduku mawili ya vitabu. Huyu sasa ndiye unayemhitaji. Yule aliyekuja mapema, akasubiri kwenye gari bila kununa, ulichukua namba yake, mpigie. Atakuja na gari, atatazama kwa dakika tano, atataja bei moja ya vyote, ya chini, mtavutana kidogo, na jioni hiyohiyo gereji iko tupu na umefagia. Kwa kazi hiyo sijaona anayemzidi, na nampa nyota 4.